Protini inayozima mbiu: ukali wa Homa ya Bonde la Ufa unatoka wapi

Katika miaka ya 1970, watafiti waliokuwa wakizitazama kwa hadubini seli zenye kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa waliona kitu kilichowatatiza. Ndani ya kiini cha seli, mahali inapotunzwa DNA, palikuwa na nyuzi za protini ambazo hazipo kwenye seli isiyoambukizwa. Nyuzi zile zilikuwa mali ya kirusi. Ajabu ni kwamba kirusi hiki hakina haja na kiini. Jeni zake ni RNA, kimeng'enya cha kuzinakili hukibeba chenyewe, na kazi yote ya kuzaliana huianza na kuimaliza nje ya kiini, kwenye saitoplazimu. Sasa protini yake moja inatafuta nini kule ndani?

Jibu lilikuja kwa vipande, na halijakamilika hata leo. Lakini kilichokwisha kujulikana kinatosha kubadilisha namna tunavyoufikiria ukali wa kirusi. Tumezoea kusema kirusi fulani ni kikali kwa sababu kinazaliana haraka au kinaharibu viungo. Kwa Homa ya Bonde la Ufa, sehemu kubwa ya ukali inatokana na protini moja ndogo ambayo kirusi hakiihitaji ili kijijenge. Ukiiondoa, kirusi kinabaki hai na kinazaliana, ila kinakuwa mpole kiasi cha kugeuzwa chanjo.

Ugonjwa wenyewe hauhitaji utambulisho mrefu kwa wafugaji wa Afrika Mashariki. Daubney, Hudson na Garnham waliueleza mwaka 1931, baada ya wanakondoo na kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, kufa kwa wingi mwaka 1930. Kirusi huenezwa na mbu, wakiwamo wa jamii ya Aedes ambao mayai yao huweza kukaa miaka kwenye udongo mkavu wa mabonde yakingoja maji. Mvua kubwa zikijaza mabonde hayo, mbu hutoka kwa pamoja, na milipuko hufuata, kama ilivyotokea Kenya, Somalia na Tanzania mwaka 1997 hadi 1998 na tena 2006 hadi 2007. Mwaka 2000 kirusi kilivuka Bahari ya Shamu kikaingia Saudi Arabia na Yemen. Kondoo wenye mimba karibu wote hutupa mimba, na zaidi ya asilimia 90 ya wanakondoo wachanga hufa, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Binadamu wengi huambukizwa kwa kugusa damu au nyama ya mnyama mgonjwa, wakati wa kuchinja, kuchuna ngozi au kumzalisha mnyama. Walio wengi hupata homa ya siku chache tu, na wachache sana, chini ya asilimia 1, hufikia hatua ya kutokwa na damu. Kati ya hao, karibu nusu hufa.

Shika hiyo habari ya mwanakondoo kufa kwa siku moja au mbili. Kingamwili, ambazo ndizo watu wengi huzifikiria wanaposikia neno kinga, huchukua siku kadhaa kuanza kutengenezwa kwa wingi. Kwa mwanakondoo, mchezo umekwisha kabla hazijafika. Kwa hiyo, anayetaka kujua kwa nini mnyama huyu anakufa na yule anapona asianze na kingamwili. Aanze na kile kinachotokea ndani ya seli moja katika saa chache za mwanzo.

Seli isiyo na askari

Kila seli ya mwili, iwe ya ini, ya ngozi au ya pafu, ina ulinzi wake hata kama hakuna chembe nyeupe ya damu karibu. Ulinzi huo huanza na protini zinazozunguka kwenye saitoplazimu zikipapasa RNA. Mojawapo inaitwa RIG-I. RNA ya ujumbe ya seli yenyewe, yaani mRNA, huwa imefunikwa kofia ya kikemikali kwenye ncha yake ya mwanzo. RNA inayobeba jeni za kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa haina kofia hiyo: ncha yake ina fosfeti tatu zilizo wazi. RIG-I ikikutana na ncha ya namna hiyo hujikunjua na kuijulisha protini nyingine iliyo juu ya mitokondria, inayoitwa MAVS. Kutoka hapo taarifa hupita kwa vimeng'enya kadhaa hadi kwa protini iitwayo IRF3, ambayo huingia kwenye kiini, hushika sehemu mahususi ya DNA na kuamuru jeni ya interferoni beta isomwe.

Interferoni iligunduliwa mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, kwenye taasisi ya utafiti wa tiba iliyokuwa Mill Hill, London. Haishambulii kirusi. Hutolewa nje ya seli iliyoambukizwa, nayo huenda kwa seli jirani kama mbiu ya mgambo: ikilia, kuna jambo. Seli zinazoipokea huwasha mamia ya jeni za ulinzi, baadhi za kuvunja RNA, baadhi za kuzuia kirusi kuingia, baadhi za kukizuia kutoka. Miongoni mwa protini zinazoongezwa ni PKR, na hiyo inastahili kukumbukwa kwa sababu itarudi baadaye. PKR ikigusa RNA ya kirusi, husimamisha utengenezaji wa protini katika seli nzima. Ni hatua ya kujidhuru, maana seli nayo inahitaji protini, lakini kirusi kisicho na ribosomu zake, yaani mashine za kutengenezea protini, hakiwezi kufanya lolote ribosomu za mwenyeji wake zikisimama.

Angalia njia hiyo kwa makini. RNA ya kirusi inatambuliwa kwenye saitoplazimu, lakini amri ya kutengeneza interferoni haina budi kupitia kwenye kiini, kwa sababu jeni ya interferoni iko humo. Nyuzi za miaka ya 1970 zinaanza kuwa na maana.

Kirusi kilichopoteza kipande

Jeni zote za kirusi hiki kwa pamoja zina herufi zipatazo 12,000. Za binadamu zinakaribia bilioni 3. Zimegawanyika katika vipande vitatu vya RNA: kikubwa, cha kati na kidogo. Kikubwa kina maelekezo ya kimeng'enya cha kunakili RNA. Cha kati kina maelekezo ya protini za nje zinazokiwezesha kirusi kuingia kwenye seli, pamoja na protini nyingine ndogo. Kipande kidogo kina protini mbili tu: moja inayoifunika RNA, na nyingine yenye asidi amino 265 iitwayo NSs, ambayo si sehemu ya umbo la kirusi. Hiyo NSs ndiyo inayojipanga kuwa nyuzi ndani ya kiini.

Kwa muda mrefu haikujulikana inafanya nini, na sababu mojawapo ilikuwa ya kimaabara tu. Kirusi hiki hukuzwa kwa urahisi katika seli za Vero, zilizotokana na figo ya tumbili wa Afrika. Seli hizo zimepoteza jeni za interferoni alfa na beta. Mle ndani kirusi chenye NSs na kisicho nayo hukua vizuri vyote viwili. Ukitafuta kazi ya kizimambiu mahali ambapo mbiu haipo, hutaiona. Nadhani hili ni funzo ambalo maabara nyingi zimelipata kwa njia ndefu.

Mlango ulifunguliwa na kirusi kilichochukuliwa mwaka 1974 kutoka kwa mgonjwa katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambaye hakufa. Watafiti walipokitenganisha katika vizazi vilivyotokana na chembe mojamoja, kizazi kimoja, kilichopewa jina la Clone 13, kilishindwa kuua panya ambao virusi vingine vya aina hiyo huwaua kwa hakika. Mwaka 1995 ilitangazwa sababu: jeni yake ya NSs ilikuwa imekatika katikati. Herufi 549 zilikuwa zimetoweka, karibu asilimia 70 ya jeni nzima. Hakuna aliyezikata. Zilidondoka zenyewe wakati wa kunakiliwa, jambo ambalo hutokea mara kwa mara kwa virusi vya RNA.

Lakini kirusi dhaifu chenye jeni iliyokatika hakithibitishi kwamba jeni hiyo ndiyo chanzo cha udhaifu. Pengine kulikuwa na kasoro nyingine iliyojificha. Hapa mgawanyo wa jeni katika vipande vitatu ulisaidia. Seli moja ikiambukizwa virusi viwili kwa wakati mmoja, watoto wao huweza kuchukua kipande hiki kutoka kwa mzazi mmoja na kile kutoka kwa mwingine. Watafiti wa Institut Pasteur, Paris, walivichanganya hivyo Clone 13 na kirusi kikali kilichotoka Misri. Kila kipande kidogo kilipotoka kwa Clone 13, panya walipona, hata kama vipande vingine viwili vilitoka kwa kile kikali. Udhaifu ulikuwa kwenye kipande cha NSs.

Jaribio la mwaka 2001, kutoka kundi la Michèle Bouloy la taasisi hiyohiyo, ndilo ninaloliona kuwa zuri kuliko yote katika habari hii, kwa sababu ya urahisi wake. Walichukua panya wasio na kipokezi cha interferoni alfa na beta. Panya hao wana kila kitu kingine, ila seli zao haziwezi kuisikia interferoni. Wakawapa Clone 13, kile kirusi kisichoua. Wakafa. Tafsiri yake haina njia nyingi. Kirusi kisicho na NSs hakikuwa kimepungukiwa nguvu ya kuzaliana wala uwezo wa kuharibu ini. Kilichokizuia kwa panya wa kawaida kilikuwa interferoni peke yake. Ukiitoa interferoni upande wa mnyama, NSs inakuwa haina kazi, na kirusi mpole kinakuwa muuaji. Ukiitoa NSs upande wa kirusi, interferoni inatosha. Vitu hivi viwili vinakabiliana ana kwa ana.

Kuzima mahali pa kuandikia

NSs inafanyaje? Mtu angetegemea iifiche RNA ya kirusi isionekane, au iizuie RIG-I. Haifanyi hivyo. Katika seli iliyoambukizwa kirusi kikali, taarifa husafiri vizuri: IRF3 huamshwa na kuingia kwenye kiini kama kawaida. Hatari imetambuliwa, habari imefika, lakini jeni ya interferoni haisomwi.

Kusoma jeni na kuitolea mRNA ni kazi ya kimeng'enya kikubwa kinachosaidiwa na makundi kadhaa ya protini. Mojawapo ni TFIIH, lenye sehemu 10, ambalo hufungua nyuzi mbili za DNA pale jeni inapoanzia ili kimeng'enya kipite. NSs huishambulia TFIIH kwa njia mbili. Kwanza, hushika sehemu yake iitwayo p44 na kuivuta kwenye zile nyuzi za NSs, hivyo TFIIH mpya haziwezi kuunganishwa. Ugunduzi huo wa mwaka 2004 ulizipa nyuzi za kwenye kiini maelezo yake ya kwanza ya maana. Pili, huifanya sehemu nyingine, p62, ivunjwe kabisa. Kwa kazi hii ya pili NSs haina meno yake yenyewe. Inaiazima protini ya mwenyeji, FBXO3, ambayo kazi yake ya kila siku ni kuzitia alama protini zilizochakaa ili zipelekwe kuvunjwa, na kuielekeza kwenye p62 iliyo nzima. Kinachoniacha mdomo wazi ni namna inavyoishika p62: kwa kipande kifupi kilichofanana na kile ambacho protini za mwenyeji wenyewe hukitumia kuishika p62 zinapotaka kusoma jeni.

TFIIH ikipungua, usomaji wa jeni zote hudorora, si ya interferoni tu. Msomaji makini atauliza: kirusi kinawezaje kuua kazi za seli ambayo bado kinaitegemea? Na swali linakuwa gumu zaidi ukijua kwamba kirusi hiki huiba ncha za mRNA za mwenyeji, zile zenye kofia, na kuzibandika mwanzoni mwa mRNA zake ili ribosomu zizikubali. Kinahitaji mRNA za seli, na wakati huohuo kinazuia mpya zisitengenezwe. Jibu lipo kwenye muda. mRNA zilizokwishatengenezwa hubaki kwenye saitoplazimu kwa saa kadhaa, na ribosomu ziko tayari kwa maelfu. Kirusi kinaishi kwa akiba hiyo. Interferoni, kinyume chake, haina akiba yoyote, kwani jeni yake hulala kimya hadi hatari itokee, na ni lazima isomwe upya. Kuzima usomaji wa jeni zote kunaumiza zaidi kile ambacho hakijaandikwa kuliko kile kilichokwisha kuandikwa.

Hata hivyo NSs haikuiacha interferoni kwenye bahati ya mzimo wa jumla, ambao huchukua muda kukamilika. Mapema zaidi, hujishikiza kwenye protini iitwayo SAP30 na kupitia kwayo hukaa kwenye sehemu ya DNA inayoiongoza jeni ya interferoni beta, pamoja na vimeng'enya vinavyoifunga DNA isifunguke. Jeni hiyo inabaki imefungwa hata IRF3 ikibisha. Watafiti walipotengeneza kirusi chenye NSs nzima isipokuwa kile kipande kidogo kinachoshika SAP30, seli zilianza tena kutoa interferoni, na panya hawakufa.

Imebaki PKR. Protini hii huwa ipo kwenye seli kwa kiasi fulani hata kabla ya interferoni, kwa hiyo kuzuia jeni zisisomwe hakuiondoi. Mwaka 2009 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba NSs huifanya PKR nayo ivunjwe, na baadaye ikajulikana kwamba hufanya hivyo kwa kuazima watia alama wengine wa seli, tofauti na FBXO3. Protini moja yenye asidi amino 265, basi, inatumia zana za mwenyeji kuangusha ulinzi uliopo na kuuzuia ule ambao ungekuja.

Si UKIMWI, wala si uchawi

Maneno kama haya yakifika kwenye mitandao hugeuka kuwa "kirusi kinachoua kinga", na watu hufikiria UKIMWI. Ni vitu viwili mbali. VVU huangamiza taratibu, kwa miaka, chembe zinazoongoza kinga ya mwili mzima. NSs hufanya kazi ndani ya seli iliyoambukizwa tu, kwa saa chache. Mtu aliyepona Homa ya Bonde la Ufa hakosi kinga baadaye. Kinyume chake, hubaki na kingamwili dhidi ya kirusi hicho kwa miaka mingi.

Wala kizuizi cha NSs si ukuta usio na ufa. Kwa kima wa rhesus walioambukizwa maabara, waliotoa interferoni mapema, ndani ya takriban saa 12, hawakuugua. Waliochelewa ndio waliozidiwa na wengine kufa. Waliopewa interferoni ya kutengenezwa kabla ya kuambukizwa walilindwa. Interferoni inafanya kazi vizuri ikiwahi, na NSs inashinda kwa kuichelewesha. Hapo ndipo unapoweza kuanza kuelewa kwa nini kirusi kilekile humpa mmoja homa ya siku tatu na kumtoa damu mwingine: wingi wa virusi vilivyoingia, umri wa mnyama, ini lake, na pia jeni za mwenyeji. Utafiti uliofanywa kwa watu wa kaskazini mashariki mwa Kenya ulionyesha kuwa tofauti katika baadhi ya jeni za ulinzi huu wa mwanzo, zikiwamo zile za RIG-I na MAVS, huambatana na ukali wa dalili.

Virusi vingine vina NSs zao, na hapa mambo yanachekesha kidogo. Kirusi cha Bunyamwera, kilichopatikana kwa mbu nchini Uganda mwaka 1943, ni ndugu wa mbali wa hiki chetu. Kina protini yenye jina hilohilo, NSs, nayo pia huzuia usomaji wa jeni za mwenyeji. Lakini mpangilio wa asidi amino zake haufanani na wa NSs ya Homa ya Bonde la Ufa, na haigusi TFIIH. Inashambulia kundi jingine la protini zinazokisaidia kimeng'enya kilekile. Inaelekea kila upande ulifika kwenye kiini kwa njia yake. Kirusi cha Toscana, ambacho ni ndugu wa karibu zaidi, kinafanya lile ambalo tungelitegemea mwanzoni: kinaiangamiza RIG-I yenyewe.

Ebola nayo inafaa kulinganishwa. Protini yake VP35 huikumbatia RNA yenye nyuzi mbili ili RIG-I isiione, na nyingine, VP24, hukaa kwenye protini zinazopitisha ujumbe wa interferoni kuingia kwenye kiini, hivyo seli jirani inapokea interferoni lakini habari haifiki kwenye jeni. Ujanja wa Ebola umegawanyika kati ya kuzuia mbiu isipigwe na kuzuia isisikike. Ila VP35 ni msaidizi wa lazima wa kimeng'enya cha kunakili RNA, na VP24 inahitajika katika kuijenga chembe ya kirusi. Huwezi kuzikata ukabaki na kirusi hai cha kutengenezea chanjo. Chanjo ya Ebola iliyotumika sana Kongo katika mlipuko wa 2018 hadi 2020 ilipatikana kwa njia nyingine kabisa, kwa kuiweka protini ya nje ya Ebola juu ya kirusi kingine cha mifugo. Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa kilimrahisishia mwanasayansi kazi kwa kuitenga silaha yake mahali pake peke yake.

Kwa nini basi kirusi kinaendelea kuibeba protini ambayo hakiihitaji ili kujijenga? Majaribio ya kukikuza kirusi kwa kukirithisha mara nyingi yalitoa jibu zuri. Kilipokuzwa mfululizo katika seli za mbu tu, au katika aina moja tu ya seli za mnyama maabara, jeni ya NSs ilianza kukatika, na virusi vilivyotoka vilikuwa vipole. Kilipobadilishwa zamu kwa zamu, kutoka mbu kwenda mnyama na kurudi, NSs ilidumu. Mbu hana interferoni. Anajilinda kwa kukatakata RNA ya kirusi kwa njia nyingine. Kinachoifanya NSs ibaki nzima ni ule mzunguko wenyewe wa kupita kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi kati ya mbu na mbu.

Kutoka jeni iliyokatika hadi sindano ya kondoo

Chanjo ya kwanza ya mifugo, iliyotengenezwa na Smithburn katika miaka ya 1940 kwa kukipitisha kirusi cha Uganda kwenye ubongo wa panya, inalinda vizuri lakini huweza kusababisha kondoo wenye mimba kutupa mimba au kuzaa watoto wenye kasoro. Clone 13 ilikuja na faida ambayo ile ya zamani haikuwa nayo: sababu ya upole wake inajulikana. Haijapungua nguvu kwa herufi chache ambazo zinaweza kurudi. Imepoteza sehemu kubwa ya jeni, na sehemu kubwa hivyo hairudi kwa bahati. Afrika Kusini iliisajili kwa mifugo mwaka 2010.

Bado ina mapungufu. Kwa dozi kubwa mno kwa kondoo walio mwanzoni mwa mimba, imeonekana kuweza kupita kondo la nyuma. Na kwa kuwa ni kirusi hai chenye vipande vitatu, wataalamu hawapendi itumike katikati ya mlipuko, ambapo mnyama mmoja anaweza kuwa na chanjo na kirusi cha porini kwa wakati mmoja, na vipande vikachanganyika. Ndiyo maana watafiti wengine wametengeneza virusi visivyo na NSs wala ile protini ndogo ya kipande cha kati, na wengine wameachana kabisa na kirusi kizima. Chanjo ya ChAdOx1 RVF, iliyofanyiwa kazi na watafiti wa Oxford pamoja na Kilifi, hubeba maelekezo ya protini za nje tu, na imekwisha kujaribiwa kwa binadamu Uingereza na Uganda.

Kwa mfugaji, kutokuwapo kwa NSs kwenye chanjo kuna faida nyingine inayohusu soko. Baada ya mlipuko wa mwaka 2000, Saudi Arabia ilizuia mifugo kutoka Pembe ya Afrika kwa miaka kadhaa, na nchi zinazonunua huogopa mnyama yeyote mwenye kingamwili za ugonjwa huu. Mnyama aliyeambukizwa porini huwa na kingamwili dhidi ya protini inayofunika RNA, na huweza pia kuwa nazo dhidi ya NSs. Aliyechanjwa kwa kirusi kisicho na NSs atakuwa na za kwanza, asiwe na za pili. Kipimo cha damu kinachotafuta zote mbili kinaweza kumsaidia daktari wa mifugo wa bandarini kutenganisha kondoo aliyechanjwa na kondoo aliyeugua, ilimradi kipimo cha NSs kiwe kikali vya kutosha kumkamata kila aliyeambukizwa, kwa sababu si kila mnyama aliyepata kirusi cha porini hutoa kingamwili za NSs kwa wingi, na wale watakaopita bila kuonekana ndio watakaofunga soko tena.